Mama mkwe katoa maikrowevu nje na anazima ruta kwa sababu ya ujauzito. Mnasemaje wadau?

#1 Msafiri wa Pugu

Wakuu, heshima kwenu.

Mke wangu ana ujauzito wa miezi minne, wa kwanza. Mama mkwe kaja kutoka Singida kumwangalia, na tangu afike nyumba haina amani. Maikrowevu imetolewa jikoni, iko kibarazani imefunikwa kanga. Ruta ya waifai inazimwa saa moja jioni, muda ambao mimi ndiyo kwanza naanza kazi zangu za mtandaoni. Simu ya mke wangu inalala sebuleni. Runinga tunaiangalia tukiwa tumebanana kwenye kochi la nyuma kabisa. Sababu: mionzi inaharibu mimba. Ushahidi: sauti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa jumuiya, na binti wa jirani yao ambaye mimba yake ilitoka baada ya mumewe kununua maikrowevu.

Mke wangu yuko upande wa mama yake. Nikifungua mdomo naambiwa sijawahi kubeba mimba, jambo ambalo ni kweli.

Naomba wenye ujuzi waseme. Maikrowevu, ruta, simu, runinga, laptopu: kipi kina madhara kwa mjamzito na kipi ni hofu tu? Hoja ziwe na mashiko maana nazipeleka kwa mkwe.

#2 Kijana wa Kati

Kwa mkwe hazipelekwi hoja. Inapelekwa sukari na vitenge. Pasha chakula hukohuko kibarazani, ule, ulale.

#3 Bi Kidawa

Msimcheke huyo mama. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi steshenari, mashine ya kutoa kopi iko mgongoni kwake kutwa nzima. Mimba mbili zilitoka. Alipoacha ile kazi akatulia nyumbani, ya tatu ikashika, na huyo mtoto sasa anasoma darasa la nne. Mtasema bahati. Sisi tuliomuuguza tunajua tulichokiona.

#4 Fundi Redio

Salaam. Mimi natengeneza vifaa vya umeme, kwa hiyo nitaongelea mashine. Mambo ya tumbo nawaachia wahusika.

Maikrowevu inatoa mawimbi ya redio ya 2450 MHz kupitia kifaa kinachoitwa magnetroni. Waifai ya kawaida inatumia masafa hayohayo, 2.4 GHz, ila nguvu ndiyo inayotofautiana: maikrowevu ni wati 700 hadi 1000 zilizofungiwa ndani ya boksi la chuma, ruta ni kama wati 0.1 tu, tena imeachwa wazi hewani. Mawimbi haya hayana uwezo wa kuvunja chembe za urithi kama eksirei. Yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yanapata moto, basi. Ukifungua mlango swichi zake zinakata papo hapo, hakuna kinachobaki ndani wala kwenye wali. Na ule wavu wa chuma mnaouona kwenye kioo una kazi yake: wimbi lina urefu wa kama sentimita 12, kwenye vitundu vile halipenyi kirahisi.

Wamarekani wameweka kiwango: uvujaji usizidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye mashine, kwa maisha yote ya mashine hiyo. Ukirudi nyuma hatua mbili tatu kinachokufikia ni kidogo sana.

Cha kukagua ni mlango. Bawaba zimelegea, wavu umetoboka, kuna kutu pembeni, haufungi sawasawa? Usitumie, uwe mjamzito au mwanajeshi. Na usijaribu kuifungua mwenyewe, ndani kuna kapasita inayoweza kutunza zaidi ya volti 2000 hata ukishachomoa plagi. Hiyo inaua mtu mzima siku hiyohiyo, haisubiri mionzi.

#5 Chapchap

Kupima ni rahisi. Weka simu ndani ya maikrowevu, usiwashe, kisha ipigie. Ikiita, inavuja.

#6 Fundi Redio

Chapchap, kipimo hicho kimeenea sana na hakina maana. Simu inanasa mawimbi dhaifu mno kuliko kiwango chochote cha usalama. Maikrowevu nzima kabisa, imetoka kiwandani jana, simu inaweza kuita. Utatupa mashine nzuri bure. Halafu yupo atakayesahau akaiwasha simu ikiwa ndani.

#7 Chapchap

Yangu haikuita.

#8 Kijana wa Kati

Labda hakuna anayekupigia.

#9 Msomaji wa Makala

Fundi kazungumzia mawimbi ya redio, karuka umeme wenyewe. Kila waya unaopitisha mkondo una uga wa sumaku unaouzunguka. Mwaka 2017 mtafiti De-Kun Li na wenzake wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya kule California, walitoa utafiti kwenye jarida la Scientific Reports. Wajawazito 913 walivaa kifaa cha kupima uga wa sumaku kwa saa 24. Waliokuwa kwenye uga mkubwa walikuwa na hatari ya mimba kutoka mara 2.72 ukiwalinganisha na waliokuwa kwenye uga mdogo. Na mstari wa kuwagawa ulikuwa mdogo tu, mikrotesla (kipimo cha uga wa sumaku) 0.25, wakati mwongozo wa kimataifa wa ICNIRP wa mwaka 2010 unaruhusu hadi 200 kwa umma.

Kwa hiyo mama wa Singida hajui anachokisema, ila huenda kakigusa.

#10 Mwalimu wa Hesabu

Msomaji, huo utafiti naujua, na una historia. Li alitoa mwingine unaofanana nao mwaka 2002, wanawake 969, matokeo ya kuelekea hukohuko. Wakati ule mtafiti David Savitz akaandika maoni kwenye jarida lililotoa huo wa 2002, Epidemiology, akauliza swali la mtu mzima: mimba iliyoshika vizuri humfanya mama afanyeje? Atapike, achoke, alale. Anayelala nyumbani hapiti kwenye mashine nyingi, kifaa kinasoma kidogo. Mwenye mimba iliyokwisha kudhoofika hana kichefuchefu, yuko barabarani, dukani, ofisini, kifaa kinasoma kingi. Basi uga mkubwa unaweza kuwa dalili ya kwamba mama anatembea, na kutembea kwake ni dalili ya kwamba mimba tayari ina tatizo.

Hiyo ni hoja, haijathibitishwa. Lakini mpaka ijibiwe huwezi kuhamisha friji.

#11 Msomaji wa Makala

Imejibiwa kwa kiasi. Utafiti wa 2017 unasema uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake waliopimwa katika siku ya kawaida ya maisha yao. Na haikujalisha uga umetoka kwenye chanzo gani. Kichefuchefu hakimalizi maneno.

#12 Mwalimu wa Hesabu

Walipimwa siku moja katika mimba ya miezi tisa. Mimi ningempima mwanafunzi siku moja nikamwandikia ripoti ya mwaka, mzazi angenitoa roho.

Bi Kidawa naye, kwa heshima: katika kila mimba 100 zinazotambuliwa, 10 hadi 20 hutoka zenyewe, na karibu nusu ya zinazotoka mapema ni matatizo ya kromosomu yaliyoanza siku ya kwanza. Mashine ya kopi haikuwepo chumbani.

#13 Bi Kidawa

Hizo asilimia kazisome wodini mbele ya mwanamke anayelia, halafu uje utuambie alikujibu nini. Mimi sijasema mashine iliua. Nimesema alipoondoka kwenye mashine alizaa. Wewe ndiye umeunganisha.

#14 Shangazi Mkali

Bi Kidawa kampa Mwalimu sifuri.

#15 Wa Likoni

Niaje wadau. Hii hadithi ya Bi Kidawa si mpya. Kule Kanada miaka ya 1979 na 1980, kwenye gazeti la Toronto Star, wanawake wanne wa idara moja waliokuwa wakifanya kazi kwenye kompyuta za kwanza kwanza walijifungua watoto wenye kasoro. Kukawa na moto. Vyama vya wafanyakazi vikaanza kudai wajawazito watolewe kwa skrini. Baadaye NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ikalinganisha wafanyakazi wa simu, wengine walikaa mbele ya skrini siku nzima, wengine kazi ileile bila skrini hizo. Matokeo yalitoka 1991: mimba zilizotoka zilikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Lakini ukiuliza wafanyakazi wenyewe kilichowasumbua, ni kukaa saa nyingi bila kusimama na presha ya kazi. Huyo dada wa steshenari alikuwa anasimama kutwa? Anabeba katoni za karatasi? Chumba kina dirisha? Hayo mbona hatuulizi?

#16 Bi Kidawa

Alikuwa anabeba. Na dirisha halikuwepo.

#17 Mzee wa Chogo

Vijana hamjui hofu hii ilikotoka. Sisi tulikatazwa kukaa karibu na TV, na haikuwa ushirikina. TV za chogo zilikuwa na umeme mkubwa ndani, na umeme huo unaweza kutoa eksirei za kweli. Mwaka 1967 ilibainika kwamba baadhi ya TV za rangi za General Electric zilikuwa zinavujisha eksirei kupita kiasi. Mwaka uliofuata, 1968, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme, na kioo cha chogo kikawekwa madini ya risasi. TV ya flati haina mtambo huo kabisa.

Kwa hiyo mama mkwe anafuata amri halali ya mwaka 1967. Hajapata tangazo la kuifuta tu.

#18 Msafiri wa Pugu

Mzee wa Chogo hiyo nimeichukua, nimemsomea. Post ya Fundi nayo nimemsomea yote. Kasikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: "Huyo fundi ana watoto wangapi?"

#19 Fundi Redio

Sita. Mwambie wote walizaliwa karakana ikiwa chumba cha pili.

#20 Kariakoo Dili

Ndugu mleta uzi, suluhisho lipo. Nina stika za kubandika nyuma ya simu, zinanyonya mionzi asilimia 99. Nina pia pendanti za kwantamu za mama mjamzito, anavaa shingoni, zinasawazisha nishati ya mwili. Na aproni za kuzuia mionzi kutoka Guangzhou, ndizo wanazovaa wajawazito wa China. Bei poa, mikoani tunatuma. Njoo inbox.

#21 Fundi Redio

Hapa lazima nipaze sauti. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi ya usalama wa nyuklia, ANVS, ilipima pendanti, bangili na barakoa za kulalia za aina hiyo, zilizokuwa zikiuzwa kama kinga dhidi ya 5G. Kumi kati yake ilizipiga marufuku kwa sababu ZENYEWE zilikuwa zinatoa mionzi. Siyo ya ruta, ile yenyewe ya kuvunja chembe. Wakawaambia watu wazivue na wazifungie mahali. Nyumba ya mleta uzi inaogopa ruta ambayo haina mionzi hiyo, unamuuzia mkewe kipande chenye nayo avae juu ya kifua mtoto akiwa chini yake?

Stika nazo, kama kweli inazuia mawimbi, simu itaongeza nguvu ili ifike mnarani. Kama haizuii, umenunua stika.

#22 Kariakoo Dili

Zangu siyo za Uholanzi.

#23 Kijana wa Kati

🤣🤣 Mwisho wa kesi.

#24 Msomaji wa Makala

Na zile aproni, CCTV, televisheni ya taifa ya China, iliwahi kuzifanyia uchunguzi mwaka 2011. Kitambaa kinazuia kinachotoka mbele, lakini mawimbi yanakuja kutoka kila upande, yanaingia chini na kwenye mikono, na yakishaingia yanadundadunda humo ndani. Wenzetu huko bado wanavaa. Wengi wanavaa ili watu wawapishe kiti kwenye basi, na hiyo kweli ni kinga.

#25 Mama Saluni Tegeta

Samahani, mmetaja uga wa sumaku. Mimi nina mimba ya miezi sita na drayer nashika mkononi asubuhi hadi jioni. Ile ya mkono, siyo ya kukalia. Kwangu ruta sina.

#26 Fundi Redio

Dada, kwa upande wa sumaku drayer ndiyo baba lao, inaipita maikrowevu. Jedwali la Shirika la Afya Duniani linaonyesha hivi: drayer ikiwa sentimita 3 ni mikrotesla 6 hadi 2000, kutegemea aina. Maikrowevu sentimita 3 ni 73 hadi 200. Pasi 8 hadi 30. Friji haifiki hata 2. Lakini angalia kinachotokea ukisogea: drayer hiyohiyo ikiwa sentimita 30 inashuka mpaka kati ya 0.01 na 7. Kwa hiyo nyoosha mkono, usiiegemeze tumboni wakati unapumzika, na ukiiweka chini izime. Hakuna haja ya kufunga saluni.

#27 Mwalimu wa Hesabu

Hapo ndipo hoja ya uga wa sumaku inaponichanganya. Kama 0.25 inatoa mimba, wasusi wote wa Dar wangekuwa hawana watoto.

#28 Mama Saluni Tegeta

Huyu wa tumboni ni wa nne, Mwalimu.

#29 Msomaji wa Makala

Wewe uliyemkatalia Bi Kidawa mfano wa mtu mmoja, sasa unapokea mfano wa mtu mmoja.

#30 Nesi Mstaafu

Habari za jioni wanangu. Nimesoma tangu mwanzo, nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki mpaka nilipostaafu. Niseme machache, na mengine yatawaudhi.

Mionzi inayodhuru mimba ipo. Dk Alice Stewart wa Oxford aliionyesha miaka ya 1950: watoto ambao mama zao walipigwa eksirei za tumbo wakiwa wajawazito walipata saratani zaidi ya wengine. Watu walimpinga kwa miaka. Na kutoka Hiroshima na Nagasaki tulijifunza kuwa ubongo wa mtoto uko hatarini zaidi kati ya wiki ya 8 na ya 15. Lakini kiwango ndiyo neno. Eksirei ya kifua inamfikishia mtoto chini ya miligrei 0.01 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Wataalamu wanaanza kuwa na wasiwasi wa kasoro kuanzia miligrei 50 hadi 100. Kwa hiyo ukihitaji eksirei ya kifua kwa kuwa wanashuku kifua kikuu, pigwa, sema tu una mimba wajipange. Nimewaona waliokataa kipimo kwa kuogopa mionzi, TB ikawamaliza.

Altrasaundi ni sauti. Si mionzi ya eksirei, msiichanganye humo.

Sasa joto. Joto la mwili kupanda sana katika wiki za mwanzo linahusishwa na mgongo wazi. Ruta haiwezi kukupandisha joto. Malaria inaweza. Mleta uzi: mkeo ameanza SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki? Analala kwenye chandarua? Foliki anameza? Hayo sijaona ukiyauliza.

Na swali la mwisho. Maikrowevu ikiwa kibarazani, chakula kinapashwa kwa nini?

#31 Msafiri wa Pugu

Shikamoo mama. Foliki anameza. SP alipewa mwezi huu. Chandarua kipo.

Chakula kinapashwa kwa jiko la mkaa. Jikoni. Mama hapendi gesi, anasema inalipuka. Na jioni dirisha linafungwa kwa ajili ya mbu.

#32 Nesi Mstaafu

Marahaba. Basi umeshanijibu.

Mkaa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, huioni, inapita kwenye kondo la nyuma, na damu ya mtoto inaing'ang'ania kuliko ya mama. Mama anaumwa kichwa kidogo, mtoto amekosa hewa. Moshi wa kupikia unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, hilo halina ubishi mkubwa kama wa ruta. Toa jiko nje leo. Usimwambie mkwe kakosea, mwambie jiko la mkaa linapendeza kibarazani.

#33 Kijana wa Kati

Kwa hiyo maikrowevu na jiko vibadilishane nyumba. Uzi ungeishia hapa.

#34 Mpemba Asili

Haujesha. Nyote mwaongea mashine, hamjasema watu. Mimba changa hutangazwa? Enzi zetu mwari akificha mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe. Leo mtu ana wiki sita keshatia picha hali ya WhatsApp, watu mia tatu wameiona. Husda haina antena. Simu ina madhara, miye nakubali, ila si kwa hayo mawimbi.

#35 Mwalimu wa Hesabu

Sheikh, hili nalo utalipima kwa kifaa gani?

#36 Mpemba Asili

Kwa kichefuchefu, kama yule Savitz wako.

#37 Shangazi Mkali

🤣 Kisiwani wamejibu.

Sasa na mimi nitoe nadharia yangu. Msafiri, ulisema ruta inazimwa saa moja jioni, muda ambao wewe "ndiyo kwanza unaanza kazi". Mkeo ana mimba ya kwanza, yuko peke yake chumbani, wewe uko sebuleni na laptopu mpaka saa nane usiku. Mama kaja, kaona. Hawezi kukwambia mkwewe kalale na mkeo. Anasema mionzi. Huyo mama hajazima ruta kwa ajili ya mimba, kaizima kwa ajili yako.

#38 Nesi Mstaafu

Nami niliwaza hivyo, nikaona aibu kusema.

#39 Wa Likoni

Na hata ile ya simu kulala sebuleni ina faida, mama analala usingizi wa maana. Mtu anaweza kufanya jambo la maana kwa sababu isiyo sahihi.

#40 Msomaji wa Makala

Tusikimbilie kufunga. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark waliangalia watoto zaidi ya 13,000, wakakuta ambao mama zao walitumia simu wakiwa wajawazito walikuwa na matatizo ya tabia zaidi walipofika miaka saba. Na IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi 2B mwaka 2011, yaani "huenda yakasababisha saratani".

#41 Wa Likoni

Mkuu ongeza basi sehemu ya pili. Wanorwe nao waliangalia, matokeo yakatoka 2017, wakakuta watoto wa mama waliotumia simu walikuwa mbele kidogo kwa lugha. Si kwamba simu inafundisha mtoto tumboni. Mama mwenye kuongea sana kwa simu huongea na mtoto pia. Na wale wa Denmark inaweza kuwa mama mwenye simu mkononi hamsikilizi mtoto akizaliwa. Utatenganisha vipi?

Hilo kundi 2B lina hata dondoo la jani zima la shubiri.

#42 Mpemba Asili

Shubiri mwenye mimba haipewi kabisa, hilo halihitaji shirika. Bibi yangu alijua.

#43 Mwenye Mnara

Mimi nauliza tofauti. Nyuma ya nyumba yetu Kimara kuna mnara wa simu, mita kama 40. Shemeji yangu mjamzito anataka kuhama. Wa kupima ni nani?

#44 Fundi Redio

Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Wana ofisi za kanda. Iliundwa na sheria ya mwaka 2003 na kupima minara ni kazi yao. Waandikie barua rasmi, usitegemee programu ya simu inayodai kupima mionzi. Antena za mnara zinatupa mawimbi kwa mbele, kama taa ya gari, kwa hiyo aliye chini ya mnara mara nyingi anapata kidogo kuliko wa ghorofa ya mbali iliyo sawa na antena.

#45 Wa Likoni

Kenya hiyo ya mionzi iko kwa KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia, tangu sheria ya 2019.

#46 Chapchap

Fundi, friji langu ukiligusa bila ndala linapiga shoti kidogo. Mke wangu ana mimba. Hiyo nayo ni mionzi?

#47 Fundi Redio

Chapchap!! Hiyo ni umeme unavuja kwenye bodi ya friji na nyumba yako haina waya wa ardhi au umekatika. CHOMOA SASA. Shoti inaweza kusimamisha moyo wa mtoto hata kama mama kasikia kidogo tu. Ita fundi aangalie waya wa ardhi na aweke swichi ya kukata umeme unaovuja. Na kama alishapigwa shoti ya nguvu, aende kituo cha afya wasikilize mapigo ya mtoto, asingoje maumivu.

Kurasa zote hizi tunabishania ruta, kumbe kuna mtu nyumbani kwake anavaa ndala kufungua friji.

#48 Chapchap

Nimechomoa. Samaki wataharibika.

#49 Kijana wa Kati

Walete kibarazani Pugu, jiko lipo.

#50 Mama Kijacho 2

Uzi wa siku nyingi lakini nina swali. Nimenunua jiko la umeme lile la sumaku, linalochemsha sufuria bila lenyewe kuwaka. Tumbo langu linagusa kabisa ukingo wa meza nikipika. Fundi hilo umelisahau.

#51 Fundi Redio

Hilo ndilo pekee ambalo ningekwambia ubadilishe mkao. Masafa yake ni ya juu kuliko ya umeme wa ukutani, kati ya kHz 20 na 100. Ofisi ya Afya ya Uswisi inashauri mpishi akae angalau sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye jiko, sufuria ifunike duara lote na ikae katikati, na isiwe imepinda chini. Sufuria ndogo kwenye duara kubwa ndiyo inayoachia uga mwingi pembeni. Pikia jicho la nyuma kama lipo.

#52 Msomaji wa Makala

Kwa hiyo unakubali kwamba uga wa sumaku una neno?

#53 Fundi Redio

Nakubali kwamba sentimita 10 hazina gharama.

#54 Kariakoo Dili

Sufuria bapa za jiko la sumaku ninazo, seti ya tano na mifuniko, Mtaa wa Kongo. Hizi hazina pendanti.